Saa ya Marehemu

Hivi karibuni tulialikwa mjini Kisii kuwasomesha akina mama mlango wa mirathi. Waislamu wa mji ule si wengi, lakini ni wa tangu zamani. Wapo Wanubi ambao babu zao walikuwa askari wa KAR, wapo waliopanda bara kutoka pwani kwa biashara wakaoa huko huko, na wapo Abagusii wenyewe walioingia katika dini. Darsa ilipokwisha, mama mmoja mtu mzima kutoka upande wa Nyamira, aliyekwisha maliza eda yake, alibaki nyuma na mwanawe wa kiume. Akafungua ncha ya leso, akaweka mbele yetu saa ya mkono.

"Sheikh," akasema, "hii nayo ni mirathi, au ni ya kijana tu?"

Marehemu mumewe alipata kufanya kazi bandarini Kilindini. Mwaka 1968 alinunua saa ile kwa baharia, akarudi nayo kwao, na tangu siku hiyo haikutoka mkononi mwake ila kwa kutawadha na kulala. Alipofariki, nduguye alileta mnunuzi azungukaye vijiji vya Kisii na Nyamira akitafuta saa kuukuu, redio za mbao na sarafu za kikoloni. Mtu yule alitaja shilingi 6,000, akatoa arubuni ya shilingi 1,000, na shemeji akaipokea. Kijana naye alishikilia kwamba saa ya baba huvaliwa na mtoto wa kiume. Mabinti wawili hawakuulizwa.

Kabla ya kujibu tuliona heri kujua ni mali gani tunayoigawa. Tukaongozana nao hadi kwa fundi saa mjini. Fundi aliifungua mgongo, akatia lenzi jichoni, akanyamaza muda mrefu kuliko tulivyotazamia. Kisha akamwita mama aangalie. Ndani hamna betri. Mna springi nyembamba iliyokunjwa kama utepe, ambayo ukiitia saa ufunguo hujibana, na kwa kujikunjua kwake husukuma magurudumu ya meno. Mwisho wa magurudumu kuna kigurudumu kiendacho huku na huku, mapigo matano kila sekunde, yaani 18,000 kwa saa moja, na hicho ndicho kiizuiacho springi isifunguke yote kwa pigo moja. Mama alisema kwa miaka yote hiyo alikuwa akisikia mlio wake usiku bila kujua unatoka wapi.

Saa hii ni ya Uswisi. Jina la kampuni tunalificha makusudi, kwa usalama wa nyumba ile. Fundi aliipiga picha, uso wake na nambari zilizochorwa ndani, akazituma kwa mfanyabiashara wa saa za kale Nairobi. Jibu likaja kabla ya adhuhuri: shilingi 180,000 kama ilivyo, mradi isisuguliwe wala uso wake usipakwe rangi upya.

Sharti hilo lilimshangaza kijana, kwani alikwisha nunua dawa ya kung'arishia. Sisi pia lilitushangaza. Wakusanyaji wa saa hizi hupenda kitu kibaki kama kilivyotoka kiwandani. Uso uliopauka kwa jua la miaka hamsini ni ushahidi kwamba haukubadilishwa, na kingo za chuma zikisuguliwa hupoteza umbo lake. Mwishoni mwa mwaka 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilitoa saa ya mkono ya kwanza ya kwatzi, iendayo kwa betri, na katika miaka iliyofuata viwanda vingi vya Uswisi vilifungwa. Waliokuwa na saa za ufunguo wakazitupa au wakawapa watoto wachezee. Ndiyo maana iliyobaki salama hutafutwa. Tena huangaliwa imepita katika mkono gani. Mwaka 2017, mjini New York, saa ya Rolex iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman, aliyopewa zawadi na mkewe, iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 17. Na wenye jamaa Maskati huenda wamesikia habari za saa alizoziagiza marehemu Sultani Qaboos zikiwa na alama ya jambia, akawatunukia watu. Leo hizo hununuliwa kwa bei inayopita sana ile ya saa kama hizo zisizo na alama.

Sasa turudi kwa mnunuzi wa kijijini. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza watu kutoka nje ya mji kuulaki msafara na kununua bidhaa kabla wenyewe hawajafika sokoni wakajua bei, na aliyeuza hivyo akapewa hiari ya kuvunja mauzo atakapofika sokoni. Sisi wa pwani tusijione tumesalimika: vinyago vya mawe laini vya Tabaka, vilivyojaa katika maduka yetu Mombasa, tunajua vyema tunavyovinunua kwa mchongaji na tunavyovipangia bei kwa mgeni.

Hapa lakini jambo lilikuwa jepesi zaidi. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mauzo ya asiyemiliki wala hakuwakilishwa ni batili. Shemeji hakuwa mrithi hata wa senti moja, kwa kuwa mtoto wa kiume wa marehemu humzuia ndugu. Arubuni ilikuwa irudishwe.

Kijana naye hakuwa na saa peke yake. Deni na wasia vikiisha kutolewa (na mahari iliyobaki kwa mume ni deni, akina mama msisahau), kila alichoacha marehemu ni cha warithi wote, hata kijiko. Wazazi wa marehemu walikwisha tangulia. Mke ana thumni, shilingi 22,500. Zinabaki 157,500: mwana 78,750, na kila binti 39,375. Akitaka kubaki na saa, awape mama na dada zake 101,250, au zikatwe katika fungu lake la chai, kwa ridhaa yao. Kuivaa hakuna kizuizi, kwani ni ya chuma. Ingekuwa ya dhahabu angeimiliki na kuiuza, asiivae.

Shemeji amerudisha ile elfu moja, kwa uso uliokunjamana. Kijana ameomba muhula hadi bonasi ya chai. Dada yake mkubwa amekubali, ila amesema saa haitoki kwa mama mpaka fedha zimefika mkononi. Kwa hiyo imo ndani ya mkebe, imefungwa kitambaa cha pamba pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu alivyovitoa fundi, kwa kuwa mvua za Nyamira ni nyingi. Fundi amekataza isitiwe ufunguo mpaka ipakwe mafuta mapya. Mama ametuambia ametii, isipokuwa Ijumaa moja.