Kadi ya Grafiki kwa Anayehamia Linux: Itazameni Draiva Kabla ya Kutoa Pesa



Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, yametufikia masuala ya wazazi yanayofanana sana. Kompyuta ya nyumbani ni nzima, watoto wanaisomea, lakini Windows 11 inaikataa kwa kuwa prosesa yake ni ya zamani. Mzazi akienda kwa fundi hupewa njia mbili: anunue mashine nyengine, au awekewe Windows iliyovunjwa kufuli. Vijana wetu walioko vyuoni wakawaonesha wazee wao njia ya tatu, nayo ni Linux, mfumo huria ambao mtu huupakua, huutumia na humgaia jirani yake bila ya kuchukua haki ya mtu. Mfumo ukishawekwa, ndipo linapokuja suala: "Mtoto anasema mashine inataka kadi ya grafiki. Tununue ipi?"

Kuhusu hiyo Windows ya kuvunjwa kufuli hatutarefusha maneno. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi wa Disemba 1988, lilipitisha kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni mali ya wenyewe, zinalindwa na sharia, na haifai kuzivamia. Basi kijana anayemuepusha mzee wake na jambo hilo anastahiki kusaidiwa, na msaada wa kwanza ni kuhakikisha hapotezi pesa za nyumba.

Jawabu letu fupi ni kwamba wengi wenu hamna haja ya kununua kadi yoyote.

Kadi ya grafiki ni chipu inayochora kila tunachokiona kwenye skrini. Kuna ambayo imo ndani ya prosesa yenyewe, na kuna kadi ya pekee inayochomekwa juu ya madabodi. Mashine nyingi za maofisini zinazoletwa kwetu zikiwa zimekwishatumika zina prosesa za Intel zenye grafiki ndani yake. Tazameni nyuma ya mashine: ikiwa waya wa skrini umechomekwa pamoja na matundu ya USB na ya sauti, basi mnatumia hiyo ya ndani. Jihadharini tu na prosesa za Intel zenye herufi F mwisho wa namba yake, kama i5-9400F. Hizo hazina grafiki, na bila ya kadi ya pekee hamtaona kitu. Prosesa za Ryzen kabla ya zile za 7000 nazo, kwa mashine za mezani, aghlabu hazina grafiki isipokuwa zilizoandikwa G.

Kwa kusoma na kuandika, kusikiliza darsa, kuingia kwenye mtandao, kufanya mikutano ya video, hata kujifunza kuandika programu, hiyo ya ndani ya Intel inatosha. Na draiva yake imo ndani ya Linux tangu mwanzo. Hakuna cha kupakua wala cha kufunga. Madrasa inayotaka kuweka mashine kumi za watoto tunainasihi itafute mashine za aina moja zenye grafiki ya Intel, imalize hapo.

Sasa tuje kwa mwenye haja kweli: anayetengeneza picha za pande tatu kwa Blender, anayehariri video, mwanafunzi wa akili bandia, au mwenye prosesa isiyo na grafiki. Huyu lazima afahamu nini draiva. Draiva ni mtarjumani baina ya mfumo na chipu. Chipu ikiwa na nguvu kiasi gani, mtarjumani akiwa hajui lugha yake, haifanyi kazi. Katika Windows mtu amezoea kwamba kila kadi ina draiva yake kutoka kwa mtengenezaji. Katika Linux draiva nyingi hukaa ndani ya kiini cha mfumo, na huendelea kutunzwa humo na watu wengi, si kampuni peke yake. Kadi unainunua siku moja, lakini na draiva utaishi nayo miaka. Kwa hivyo suala la kumuuliza muuzaji si "ina GB ngapi?" bali "draiva yake anaitunza nani, na mpaka lini?"

AMD ilianza mwaka 2007 kutoa maelezo ya chipu zake ili watu waandike draiva huria. Mwaka 2015 draiva yake mpya, amdgpu, ikaingia rasmi katika kiini cha Linux, toleo la 4.2. Kadi kama RX 550, RX 560 na RX 570, za mwaka 2017, mpaka leo ukizichomeka katika Ubuntu au Linux Mint zinafanya kazi bila ya kufunga chochote. Tuwe wakweli: ndani ya chipu hizo kuna programu ndogo ya mtengenezaji ambayo si huria, nayo huja pamoja na mfumo. Anayetaka uhuria wa asilimia mia hataupata hapo. Sisi kwa matumizi ya nyumbani hatuoni tabu.

NVIDIA habari yake ni ndefu. Kwa miaka mingi iliifunga draiva yake, na waliojitolea wakaandika yao, iitwayo nouveau, kwa kuichunguza chipu kutoka nje, mfano wa mtu anayejifunza lugha kwa kusikiliza nyuma ya mlango. Mwaka 2012 Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux, akizungumza katika Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland, aliilaumu kampuni hiyo hadharani kwa maneno na ishara ambazo hatuzirejei hapa. Mei 2022 kampuni ikafungua sehemu ya draiva inayokaa ndani ya kiini, lakini kwa chipu za kizazi cha Turing na kuendelea, yaani kadi za GTX 16, RTX 20 na zilizofuata. Sehemu kubwa iliyobaki bado imefungwa.

Hapa ndipo familia zinapopata hasara, na kwa hivyo tutakaa kidogo. Draiva ya NVIDIA ina matawi, na kila tawi lina mwisho wake. Tawi la 390, lililohudumia chipu za Fermi, lilifungwa mwisho wa 2022. La 470, la chipu za Kepler, likaisha 2024. Na tawi la 580 ndilo la mwisho kwa chipu za Maxwell na Pascal, ndani yake mna GTX 1050 Ti ambayo watu wengi wanaipenda. Hiyo 1050 Ti haijafa, lakini imo katika umri wake wa mwisho, na bei yake iwe kwa mujibu wa hilo. GT 710 nayo unaweza kuikuta ndani ya boksi jipya lenye plastiki yake, na chipu iliyomo ni Kepler. Upya wa boksi si upya wa chipu! GT 730 imezidi: jina hilo moja limeuzwa likiwa na chipu mbili tofauti, nyengine Fermi na nyengine Kepler. Draiva zikifungwa, mtu hubakia na nouveau, ambayo kwa kadi nyingi, khasa za GTX 900 na 1000, haiwezi kuipandisha chipu kasi yake kamili. Skrini itawaka, lakini nguvu uliyoinunua huipati.

Kisha kuna kadi za kughushi, ambazo chipu ya zamani hubadilishwa maandishi ya ndani ili ijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Dawa yake ni nyepesi. Nendeni dukani na flashi yenye Ubuntu au Mint, muiwashe mashine kutoka kwenye flashi bila ya kugusa diski yake, mfungue dirisha la kuandikia amri na muandike: lspci -k. Mtaona jina la chipu na draiva inayotumika. Kwa NVIDIA herufi mbili za mwanzo zinasema mengi: GF ni Fermi, GK ni Kepler, GM ni Maxwell, GP ni Pascal, TU ni Turing. Mmeuziwa 1050 Ti na mnaona GF? Irudisheni.

Na kwa ndugu zetu wauzaji: kadi iliyochimbia sarafu za mtandao usiku na mchana kwa miaka, au iliyowahi kubanikwa ili irudi uhai, hiyo ni aibu ya bidhaa na ni wajibu kuisema. Mnaijua hadithi ya mwenye nafaka aliyeificha iliyorowa chini ya kavu, ameipokea Muslim. Mnunuzi akigundua aibu iliyofichwa ana haki ya kurejesha, hata kama risiti imeandikwa kwamba mali ikiuzwa hairudi.

Kabla ya kuchagua kadi, ifungueni mashine kwanza. Mashine nyingi za ofisi zina kasha jembamba lisilokubali kadi ya urefu wa kawaida, na pawa saplai yake ni ndogo. Tundu la madabodi linatoa wati 75 kwa juu kabisa. Kadi inayozidi hapo inataka waya wake wa umeme, ambao mashine hizo mara nyingi hazina. Msikubali kuungiwa ungiwa. Tena kuna tukuza: kadi ya wati 150 ikifanya kazi kwa nguvu saa nne kila siku inakula uniti 18 kwa mwezi.

Kwa kasha jembamba, RX 550 fupi inafaa. RX 6400 ni mpya zaidi, lakini haina sehemu ya kurikodia video, na kwenye madabodi ya zamani hupungua kasi; anayerikodi darsa asiichukue. Kadi za Intel Arc tunaziacha kwa wenye mashine mpya, kwa sababu bila ya uwezo uitwao Resizable BAR, ambao madabodi nyingi za zamani hazina, zinazorota sana.

Mwanafunzi wa akili bandia ana udhuru wa kuchukua NVIDIA, kwa kuwa masomo yake mengi yamejengwa juu ya CUDA, na hiyo ni ya NVIDIA peke yake. Achukue Turing au baada yake: GTX 1650 isiyotaka waya wa pekee, au RTX 3050 ya GB 6 inayotumia wati 70. Lakini kwanza ajaribu Google Colab, inayoazima chipu kwa mtandao bila ya malipo kwa kiasi maalumu. Tumeona vijana wakimaliza mwaka mzima wa masomo kwa hiyo.

Akishanunua NVIDIA, asipakue faili la draiva kutoka kwenye tovuti ya kampuni. Mfumo ukijisasisha, draiva ya namna hiyo huvunjika na skrini huwa nyeusi. Ubuntu na Mint zina dirisha lao la kusimamia draiva, achague iliyopendekezwa. Ikiwa Secure Boot imewashwa, mfumo utamtaka aweke neno la siri, na mashine ikiwaka tena litatokea dirisha la buluu likimuuliza kama anaukubali ufunguo mpya. Hapo wengi hubonyeza kuendelea bila ya kusoma, draiva ikakataa kupanda, na kadi nzima ikadhaniwa mbovu. Achague kuusajili ufunguo, aandike lile neno la siri. Na skrini ikiwa nyeusi tangu siku ya kufunga mfumo, aongeze neno nomodeset katika mstari wa kuwashia, aingie, afunge draiva, kisha aliondoe.

Kadi ikishapachikwa, itumieni kwa kazi nzito siku mbili tatu mfululizo ndani ya muda wa kurejesha mliokubaliana na muuzaji, na muda huo muuandike kabla ya kulipa.

Wallaahu a'lam.