Mtoto anapotaka kuuza picha mtandaoni kuokoa nyangumi

Jumapili iliyopita dada yangu alinipigia simu saa nne usiku. Mwanawe aliye kidato cha pili alikuwa amemwomba Sh100,000. Si ya ada, si ya viatu. Alitaka kuuza michoro ya nyangumi mtandaoni, kisha fedha zitakazopatikana zisaidie nyangumi wanaokaribia kutoweka. “Wewe ndiye msomi, njoo umwambie huu ni utapeli,” alisema dada.

Nilikwenda nikiwa na ‘hapana’ mdomoni. Nikakuta kijana amechora nyangumi 40 kwenye simu ya mama yake, mmoja amevaa kanzu na kofia. Na mifano alikuwa nayo.

Mfano mkubwa ni wa London. Mwaka 2021 mtoto wa miaka 12 alitengeneza picha 3,350 za nyangumi za kidijitali, aina inayoitwa NFT. Ziliisha ndani ya saa tisa. Anayenunua NFT hapati fremu ya kutundika sebuleni. Anapata kumbukumbu kwenye daftari la mtandaoni kwamba picha ile ni ya akaunti yake. Picha yenyewe hata wewe unaweza kuipakua bure. Kilichouzwa, kwa maoni yangu, ni fahari ya kumiliki.

“Lakini anko, yule hakuuza kwa ajili ya nyangumi,” kijana akaniwahi. Kweli. Waliojaribu hilo kwa wanyama ni WWF. Tawi la Ujerumani lilitoa picha mwaka 2021, idadi yake ikilingana na wanyama waliobaki wa kila aina. Tawi la Uingereza lilifuata Februari 2022, likasitisha baada ya siku chache kwa kulaumiwa kwamba teknolojia hiyo inakula umeme mwingi na kuharibu mazingira yaleyale. Septemba mwaka huo mtandao wa Ethereum ulipunguza matumizi yake ya umeme kwa zaidi ya asilimia 99, ila wanunuzi wengi walikuwa wameshaondoka na bei zimeporomoka.

Shida ya nyangumi, hata hivyo, ni ya kweli. Nyangumi weupe wa ghuba ya Cook huko Alaska wamebaki takriban 300. Wengine, wa Atlantiki ya Kaskazini, hawafiki 400, na wanaowaua zaidi ni meli zinazowagonga na kamba za uvuvi zinazowanasa.

Ndipo nikauliza swali ambalo dada hakuuliza: hiyo laki moja inakwenda kwa nani? Kijana akanionyesha namba ya simu. Ni ya mtu waliyekutana kwenye kundi la kuchati, aliyemwambia atume kwanza “ada ya kusajili picha.” Alikuwa ameomba pia yale maneno 12 ya siri ya kufungulia pochi ya sarafu za mtandaoni. Mzazi, mwenye maneno hayo ndiye mwenye fedha. Hakuna msajili wa kweli anayeyaomba. Tena yapo masoko ambayo msanii halipi kitu hadi picha inunuliwe, na kwa mtoto chini ya miaka 18 huhitaji akaunti ya mzazi.

Kilichonigusa zaidi kama mwandishi wa afya ni usingizi. Kwa wiki tatu kijana alikuwa akiamka saa nane usiku kuangalia bei. Macho mekundu, dada akidhani ni vumbi.

Simu sasa inalala chumbani kwa mama. Nyangumi kumi wamechapishwa kwenye karatasi ngumu na wanauzwa Sh2,000 kila mmoja saluni kwa dada. Yule wa kanzu nimemnunua mimi. Ubishi uliobaki ni fedha ziende wapi: kijana anataka Alaska, mama yake anasema kila Julai hadi Septemba nyangumi wanapita hapa hapa, Zanzibar hadi Watamu, na watoto wao ubavuni.