Sauti Iliyokauka Majuma Matatu: Usingoje

Baba wa nyumba akikauka sauti, wengi wetu hapa Butembo na Beni tunapika chai ya tangawizi na kungoja. Mara nyingi ni mafua tu, yanapita. Lakini sauti iliyokauka kupita majuma matatu inaweza kuwa mwanzo wa kansere ya koo.

Kansere inaanzaje? Ndani ya chembe za mwili kuna proteini inayoitwa p53, iliyogunduliwa mwaka 1979. Inafanya kazi kama mlinzi wa usiku. Chembe ikiharibika, p53 inaizuia isizaane mpaka itengenezwe; isipotengenezeka, inaiua. Mlinzi huyo akiharibika, chembe mbovu zinazaana ovyo, na uvimbe unakua.

Tembo, kama wale wa Virunga, ana jozi zipatazo 20 za maagizo ya kutengeneza p53. Mtu ana jozi moja tu. Wanasayansi walioeleza jambo hilo mwaka 2015 wanaona kwamba ni sababu moja inayofanya tembo augue kansere mara chache.

Kwa kuwa tuna jozi moja, tuichunge. Moshi wa sigara unaharibu maagizo hayo. Pombe kali kama kanyanga inaongeza hatari, na anayevuta huku anakunywa yumo hatarini zaidi. Virusi vya HPV, vile vinavyoleta kansere ya mlango wa uzazi, navyo vinaweza kukaa kooni na kuvunja p53.

Munganga akishuku kansere, anachukua kipande kidogo cha nyama ya koo kipimwe. Maabara nyingine zinakitia rangi inayoonyesha p53. Rangi ikijaa, si lazima iwe habari njema: mara nyingi p53 iliyoharibika inarundikana bila kufanya kazi.

Basi mama, hesabu majuma. Angalia pia shida ya kumeza, kivimbe cha shingo kisichoisha, maumivu ya sikio la upande mmoja, na kutema damu. Usikubali mgonjwa akatwe kilimi nyumbani, mpeleke hospitali. Kansere ya koo ikijulikana mapema, inaweza kupona.

Katika mkutano wa juma hili, kila mmoja amuulize jirani yake: je, nyumbani kwako kuna mtu aliyekauka sauti? Tangu lini?