Paka Wako Anapokaribia Kuzaa

Katika nyumba nyingi za Olmotonyi paka ndiye mlinzi wa mahindi. Bila yeye panya hutoboa magunia na kutuletea magonjwa ndani ya nyumba. Lakini mlinzi huyu anapofikia siku za kuzaa, wengi wetu hatujui la kufanya. Wengine humsumbua bila sababu. Wengine huchelewa kumsaidia, akafa na watoto tumboni. Basi tuzijue dalili.

Mimba ya paka huchukua wiki tisa hivi, yaani siku 63 hadi 67. Siku za mwisho matiti hujaa, naye hutafuta mahali pa giza: nyuma ya magunia, kabatini au uvunguni mwa kitanda. Mwekee boksi lenye matambara safi mahali pakavu pasipo na kelele. Huku kwetu chini ya Mlima Meru, hasa mwezi wa Juni na Julai, baridi huua watoto wa paka upesi, kwani hawawezi kujipasha joto wenyewe. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa yafaa. Jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa halifai kamwe. Hewa yake huua hata watu.

Uchungu unapoanza, paka hukataa chakula, hatulii, hulia, huhema kwa nguvu na kujilamba sana sehemu ya uzazi. Hali hii yaweza kuchukua saa 6 hadi 12, au hata siku nzima kwa anayezaa mara ya kwanza. Tumwache, tumtazame kwa mbali.

Kisha huanza kusukuma. Watoto hutoka mmoja mmoja, mara nyingi kwa kupishana nusu saa hadi saa moja. Mtoto kutanguliza miguu ya nyuma si ajabu kwa paka. Mama hupasua utando, hukata kitovu na huweza kula kondo la nyuma. Asipopasua utando, upasue wewe haraka na umpanguse mtoto pua na mdomo kwa kitambaa safi.

Mwite daktari wa mifugo bila kukawia ukiona haya:
- anasukuma kwa nguvu dakika 20 hadi 30 bila mtoto kutoka;
- mtoto amekwama njiani;
- damu nyingi inatoka bila kukoma, au uchafu wenye harufu mbaya;
- amelegea, au anatetemeka na kukakamaa.

Usimvute mtoto kwa nguvu. Usimpe paka dawa ya binadamu, panadol humwua.

Tusisahau afya yetu wenyewe. Kinyesi cha paka huweza kuwa na kijidudu kiitwacho toksoplasma, kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo mama mjamzito asisafishe kinyesi hicho; kazi hiyo wapewe wengine. Kila aliyemgusa paka anayezaa anawe mikono kwa sabuni. Akikuuma au kukuparura, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha nenda zahanati siku hiyo hiyo, maana kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia. Watoto wakifikisha miezi mitatu, na mama yao akiwa hajachanjwa, wote wapelekwe kuchanjwa.

Paka wengi huzaa salama bila msaada wetu. Kazi yetu ni kukaa karibu, kutazama saa, na kujua ni wakati gani wa kuita msaada.