Jirani wa Dini Nyingine Akifiwa

Ndugu msomaji, tuseme leo alfajiri unasikia kilio katika nyumba ya jirani. Mzee wa nyumba ile amefariki. Mmelima pamoja, mmekunywa kahawa pamoja, mmekaa pamoja katika mikutano ya kijiji. Lakini yeye alikuwa Mwislamu na wewe ni Mkristo. Au yeye alikuwa Mkristo na wewe ni Mwislamu. Unataka kwenda kusaidia. Je, uende saa ngapi? Uchukue nini? Usimame wapi?

Wengi wetu tunaona haya kuuliza. Basi tunakaa nyuma kimya, au tunafanya kosa bila kujua. Kosa dogo siku ya harusi watu hulicheka. Siku ya msiba kosa hilohilo huuma, na pengine hukumbukwa miaka mingi. Kwa hiyo leo tueleze jinsi majirani zetu wanavyozika, na kwa nini.

Kazi ni zilezile

Ukitazama vizuri, utaona dini zote zina kazi nne siku ya msiba. Kwanza, kumsafisha marehemu. Pili, kumwombea au kumuaga. Tatu, kuuweka mwili mahali pake. Nne, kuwafariji waliobaki. Njia za kufanya kazi hizo ndizo zinazotofautiana.

Waislamu

Waislamu huzika haraka, mara nyingi siku ileile. Kwa hiyo ukisema, "Nitakwenda kesho nikimaliza palizi," utakuta watu wamekwisha zika.

Maiti huoshwa na watu wanaojua kazi hiyo. Mwanamume huoshwa na wanaume, na mwanamke huoshwa na wanawake. Mume na mke wanaweza kuoshana. Kisha maiti huvishwa sanda nyeupe. Kwa kawaida mwanamume huvishwa nguo tatu, na mwanamke nguo tano. Tajiri na maskini huvaa sanda ya namna moja.

Halafu maiti husaliwa. Swala hii ni ya kusimama tu. Hakuna kuinama wala kusujudu. Huko kaburini maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea Kibla, yaani upande wa Makka. Kwetu Tanzania huo ni upande wa kaskazini. Katika sehemu nyingi, hasa za pwani, wanawake hawaendi makaburini. Hubaki nyumbani na wafiwa.

Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Akiwa na mimba, eda yake huisha akijifungua. Wakati huo hajipambi, na hawezi kuposwa. Basi, ukimwona haji kwenye ngoma au harusi, usiseme ati anaringa. Yumo katika ibada.

Wakristo

Wakristo wanaweza kungoja siku mbili tatu au zaidi, ili ndugu wa mbali wafike. Maiti huvishwa nguo nzuri, kisha huwekwa ndani ya sanduku. Mara nyingi watu hupita mmoja mmoja kumwona marehemu kwa mara ya mwisho. Ikiwa dini yako au moyo wako haupendi jambo hilo, unaweza kukaa mahali pako. Hakuna atakayekulaumu.

Padri au mchungaji huongoza ibada, na watu huimba. Kaburini watu hutupa udongo kidogo juu ya sanduku, kisha huweka msalaba. Lakini hata Wakristo hawafanani. Wakatoliki huwaombea marehemu, na tarehe 2 Novemba kila mwaka ni siku yao ya kuwakumbuka wafu wote. Waprotestanti wengi hawamwombei marehemu. Huwaombea wafiwa wapate nguvu.

Wahindu

Katika miji yetu wako pia Wahindu. Wao huchoma maiti. Wengine wetu tukisikia hivyo tunasema, "Loo, ukatili gani huu!" Lakini si ukatili. Wahindu wanaamini kwamba roho haifi, bali huondoka na kuzaliwa tena katika mwili mwingine. Moto unausaidia mwili kurudi ulikotoka. Kwa desturi, mtoto mkubwa wa kiume ndiye anayewasha moto. Majivu hutiwa mtoni au baharini. Katika msiba wao nguo ya desturi ni nyeupe, siyo nyeusi.

Lakini tusikosee. Si kila mtu mwenye asili ya Bara Hindi huchomwa. Waismailia na Mabohora ni Waislamu, nao huzika. Na wako Wakristo waliochagua moto. Kanisa Katoliki liliruhusu jambo hilo mwaka 1963, ingawa bado linapendelea kuzika. Hapo jirani, Kenya, Profesa Wangari Maathai alifariki mwaka 2011, na mwili wake ulichomwa Nairobi kama alivyotaka mwenyewe.

Mila zetu

Kabla ya misikiti na makanisa kufika vijijini, wazee wetu walikuwa na ibada zao, na nyingine zingali hai. Wachagga wengi huzika katika kihamba, katikati ya migomba, ili marehemu asitoke katika ardhi ya ukoo. Makabila mengi hufanya tambiko. Humwaga pombe au unga kaburini na kuwataja wazee waliotangulia.

Tena tunao watani. Mtani hufika msibani akatania, akachekesha, hata akalala chini akijifanya yeye ndiye maiti. Mgeni hushangaa. Lakini mtani anafanya kazi ya kuwafariji wafiwa. Tena mtani haulizwi dini yake.

Tukigombea maiti

Mara nyingine dini na mila hugongana ndani ya nyumba moja. Tarehe 20 Desemba 1986 mwanasheria mmoja maarufu wa Nairobi, S. M. Otieno, alifariki. Yeye alikuwa Mjaluo, na mkewe Wambui alikuwa Mkikuyu. Mke alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wa marehemu ulitaka azikwe Nyalgunga, huko Siaya, kwa mila za Kijaluo. Walishtakiana mpaka Mahakama ya Rufani. Maiti ilikaa miezi mitano bila kuzikwa. Mwezi wa Mei 1987 ukoo ulishinda, na marehemu akazikwa Nyalgunga.

Hapa tunajifunza jambo moja. Mzungumze mapema na watu wa nyumba yako. Mkiwa mume na mke wa dini mbili au makabila mawili, msingoje kifo ndipo muanze kuulizana.

Basi, ufanye nini?

1. Nenda mapema, usingoje kuitwa. Kuchota maji, kupasua kuni na kuchimba kaburi ni kazi ambazo jirani anaweza kusaidia. Lakini muulize kwanza mkubwa wa msiba.

2. Mambo ya ibada waachie wenyewe. Wakati wa swala au sala, kaa kando kwa heshima. Si lazima utamke maneno usiyoyaamini. Kunyamaza kunatosha.

3. Vaa nguo za heshima. Vua viatu pale wenyeji wanapovua.

4. Chakula kiwe cha kuliwa na wote. Waislamu hawali nguruwe, wala mnyama ambaye hakuchinjwa kwa sheria yao. Wahindu wengi hawali ng'ombe, na wengine hawali nyama kabisa. Jambo hili si dogo. Mwaka 2013 huko Buseresere, mkoani Geita, mchungaji mmoja aliuawa katika ugomvi wa nani achinje. Kama hujui, peleka unga, mchele, maharage au sukari.

5. Rambirambi au ubani wako ni msaada. Toa ulichonacho.

6. Kama marehemu alikuwa na ugonjwa wa hatari wa kuambukiza, wasikilizeni waganga wa serikali. Kati ya 2014 na 2016 Ebola iliua watu zaidi ya 11,000 Afrika Magharibi, na wengi waliambukizwa msibani kwa kuosha na kugusa maiti. Hapa kwetu, Kagera ilipata ugonjwa wa Marburg mwaka 2023, na tena mwaka 2025. Dini zinajua dharura. Kwa mfano, Waislamu wana tayamamu, yaani kutumia udongo safi pale maji yasipowezekana. Kumlinda aliye hai si kumdharau aliyekufa.

Ndugu msomaji, siku moja kilio kitatoka nyumbani kwako pia. Siku hiyo utatazama mlangoni uone nani amekuja. Anza wewe leo kwenda kwa mwenzako.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

Je, katika kijiji chenu kuna dini ngapi? Je, unajua jirani yako angependa azikwe vipi? Watu wa nyumbani kwako, je, wanajua unavyotaka wewe?