Koltani: metali mbili ndani ya jiwe moja, lakini bei inafuata moja



«Teneur iko chini.» Kila mtu aliyepeleka koltani kwa mnunuzi anajua ile maneno. Mnunuzi anachukua mchanga mweusi, anaupitisha kwenye mashini, anasoma namba, anataja bei. Sisi tunabaki tunaangalia. Hapa Bunia wengi wetu ni watu wa dhahabu, lakini koltani iko pia upande wa Mambasa, na wengi wanakumbuka mwaka wa 2000, wakati bei ilipanda sana na watu wakaingia mpaka ndani ya hifadhi ya Okapi. Kwa hiyo leo tunaeleza ile namba inahesabu nini. Asiyejua kinachopimwa, atabishana na nini?

Jina koltani ni majina mawili yaliyounganishwa: kolumbiti na tantaliti. Ndani ya kolumbiti, metali iliyo nyingi inaitwa leo niobi. Ndani ya tantaliti, iliyo nyingi ni tantali. Zamani niobi iliitwa kolumbi, njo maana mpaka leo tunasema «kol». Hizi metali mbili ziliwagombanisha wataalamu kwa miaka zaidi ya 60.

Mwaka wa 1801, huko London, Charles Hatchett alichunguza jiwe jeusi lililotoka Marekani. Akasema ndani kuna metali mpya, akaiita kolumbi. Mwaka uliofuata Anders Ekeberg wa Uswidi akapata yake, akaiita tantali. Mwaka wa 1809 William Wollaston akachukua mawe ya pande zote mbili, akayajaribu kwa dawa za maabara, akaona yanajibu sawasawa. Akakata maneno: ni metali moja tu.

Lakini Wollaston alikuwa amepima uzito pia. Kolumbiti ilikuwa nzito karibu mara 6 kuliko maji, tantaliti karibu mara 8. Mizani ilimwambia jambo moja, dawa zikamwambia lingine, naye akaamini dawa. Mtu wa karai hapa kwetu angeshangaa. Sisi tunatenga dhahabu na mchanga kwa uzito tu: maji yanabeba chepesi, kizito kinabaki chini.

Ilipita miaka 35. Mwaka wa 1844 Heinrich Rose, huko Berlin, akaonyesha kwamba metali ni mbili, na ile nyingine akaiita niobi. Tena akaongeza ya tatu, pelopi, ambayo haikuwako. Wengine nao wakatangaza ilmeni na diani, zote za bure. Katika miaka ya 1860 wataalamu kadhaa, pamoja na Jean Charles de Marignac wa Geneva, wakasafisha hayo yote, zikabaki mbili: niobi na tantali. Hata jina liligombaniwa. Wamarekani waliendelea kusema kolumbi, mpaka mwaka wa 1949 wanakemia wa dunia walipochagua niobi.

Juu ya nini zinafanana namna hii? Jibu liko kwenye ile jedwali ya elementi ambayo watoto wetu wanainakili sekondari. Mwaka wa 1869 Dmitri Mendeleev wa Urusi alipanga elementi kwa kufuata uzito wa atomu zake. Akaona tabia zinarudi baada ya hatua kadhaa, kama siku ya soko inavyorudi, ila hapa hatua ni chache juu ya jedwali na nyingi chini. Zenye tabia moja zinakaa safu moja. Shaba ya Katanga, feza na dhahabu yetu ya Kilo ni safu moja: zote tatu zinapondeka kwa nyundo bila kuvunjika, zinapitisha umeme vizuri, na ardhi inaweza kutupa zikiwa safi. Niobi na tantali nazo ni safu moja, niobi namba 41, tantali chini yake namba 73.

Ule mpango uliweza hata kusahihisha mizani. Mwaka wa 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran alipata metali mpya, gali, akaipima: mara 4,7 ya maji. Mendeleev hakuwa na hata chembe ya gali mkononi, lakini akasema inapaswa kuwa karibu 5,9. Lecoq akaisafisha vizuri zaidi, akapima tena. Ikatoka 5,9. Mizani haikuwa na kosa, kipande kilichopimwa njo hakikuwa safi. Tukumbuke hilo tukiwa mbele ya mnunuzi.

Kwa kawaida ukishuka kwenye safu, atomu inakuwa kubwa zaidi. Lakini kati ya niobi na tantali kunapita kundi la lantanidi, zile elementi zinazochorwa pembeni, chini ya jedwali. Katika kila hatua ya lile kundi, kiini cha atomu kinavuta zaidi na atomu inakazwa. Ukifika kwa tantali, ukubwa wa atomu ni karibu uleule wa niobi, lakini uzito ni karibu mara mbili. Njo maana ndani ya jiwe moja inaweza kukaa nafasi ya nyingine, na kwa macho usione tofauti. Litri moja ya niobi safi ina kilo 8,6. Ya tantali safi ina kilo 16,6.

Sasa tuje kwenye feza. Tantali inatengeneza vile vifaa vidogo vinavyotunza umeme ndani ya telefone. Niobi inaenda zaidi kukaza chuma, na sehemu kubwa ya niobi ya dunia inatoka Brazili. Kwa kawaida bei ya koltani inahesabiwa juu ya asilimia ya oksidi ya tantali. Magunia mawili yenye rangi moja na kilo sawa yanaweza kuachana mbali sana kwa bei.

Kuna kipimo ambacho sisi wenyewe tunaweza kufanya. Osha jiwe, lipime likiwa kavu. Lifunge kwa uzi mwembamba, ulipime tena likining'inia ndani ya maji bila kugusa chini. Tuseme kavu ni gramu 120, ndani ya maji ni 100: limepoteza 20. Gawanya 120 kwa 20, unapata 6. Jiwe lingine la gramu 120 linasoma 104 ndani ya maji: limepoteza 16, unapata 7,5. Kama yote mawili ni koltani safi, la pili lina tantali nyingi zaidi.

Tusidanganyane: hii haiko teneur kamili. Kasiteriti nayo inafika karibu 7, na udongo ulioshikamana na jiwe unashusha hesabu. Hata ile mashini ya mkononi inasoma upande wa juu tu wa kile kilicho mbele yake. Ikielekezwa kwenye punje chache, inasema habari ya zile punje, si ya gunia zima.

Kwa hiyo sisi wa chama tunaomba mambo manne kwa kila mnunuzi. Sampuli itolewe juu, katikati na chini ya gunia, isagwe, ichanganywe. Igawanywe mara mbili, na nusu moja ifungwe, ibaki kwa mchimbaji. Namba isomwe mara tatu mbele yake. Tena iandikwe kwenye bon, na tarehe na kilo. Mchimbaji asiyeridhika apeleke nusu yake kwenye mashini nyingine. Namba zikiachana sana, alete bon zote mbili kwa chama, twende kuuliza pamoja.