Anayezama hapigi kelele

Wazazi wengi hapa Nakivale hudhani mtoto akizama ziwani atapiga kelele. Si kweli. Mdomo umeingia maji, hana pumzi ya kuita. Huzama kimya, hata wenzake wakiwa karibu wanachota maji. Wengine husema amevutwa na jini. Kinachomvuta ni matope yanayoteleza na kina kinachobadilika ghafla.

Usimrukie. Mtupie kamba, au jerikeni tupu lililofungwa kifuniko alikumbatie. Akitolewa, usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Hapo ndipo wengi hupoteza muda. Kama hapumui, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni mara 5. Kisha mkandamize kifua mara 30, pumzi 2, rudia, huku mwingine akikimbilia kituo cha afya. Hata akizinduka, apelekwe.